UZI: Kloraidi na ayodaidi, nani mkali? Tuache kukariri orodha, tupime kasi

#1 Fundi wa Kuveti

Wakuu, heshima kwenu.

Jumamosi nimekaa zangu kibarazani hapa Sinza na kikombe cha kahawa, mara mpwa wangu wa kidato cha sita anarudi kutoka tuisheni kavimba. Mwalimu wao kaandika ubaoni kwamba kati ya nyukliofili, ayodaidi inaishinda bromaidi, na bromaidi inaishinda kloraidi. Kuna dada mmoja wa chuo huwa anakuja kuwasaidia. Yeye kasema siyo, kloraidi ndiyo kinara. Darasa likagawanyika kama Simba na Yanga. Mpwa kaniletea kesi: "Anko, wewe si unashinda maabara? Amua."

Nikamwambia wote wako sahihi na wote wamekosea. Akanitazama kama abiria aliyenyimwa chenji.

Mimi si daktari wa kemia. Ni fundi sanifu, mwaka wa kumi na moja huu naosha kuveti, vile vichupa vya kupimia mwanga, na kuwapimia wanafunzi wa uzamili. Ila hili jambo nimelishika kwa mikono, na naona vijana wetu wanalimezeshwa kama dua. Kwa hiyo nauanzisha uzi, nitakuwa naandika kidogo kidogo.

Kwanza kabisa. Nyukliofili ni kitu chenye jozi ya elektroni cha kutoa, kinachotafuta mahali penye njaa ya elektroni. Hapo penye njaa ndipo tunapopaita elektrofili. Tunaposema nyukliofili ni kali, tunazungumzia kasi ya kushambulia, basi. Na kasi si kama kilo ya mchele, kwamba kilo ni kilo uwe Manzese au Masaki. Ni kama bodaboda. Bodaboda ileile, dereva yuleyule, Ubungo hadi Posta saa kumi na moja alfajiri na saa kumi na moja jioni, ni safari mbili tofauti.

Sasa kesi yenyewe. Mwaka 1953 Swain na Scott kule Marekani walipanga nyukliofili kwa kuzipambanisha na bromaidi ya methili ndani ya maji, digrii 25. Maji yenyewe wakayapa sifuri. Kloraidi ikapata 3.04, azaidi 4.00, haidroksaidi 4.20, ayodaidi 5.04. Namba hizo ni logi, kila moja inayoongezeka ni mara kumi. Kwa hiyo ayodaidi inaiacha kloraidi mara 100. Mwalimu wa tuisheni anapumua.

Lakini toa kloraidi kwenye methanoli, iweke kwenye kiyeyushi kingine, dimethilifomamaidi, yaani DMF, ishambulie ayodaidi ya methili. Kasi inapanda zaidi ya mara milioni moja. Kloraidi ileile! Na humo ndani ya DMF foleni inageuka, kloraidi inakaa mbele na ayodaidi inarudi nyuma. Dada wa chuo naye anapumua.

Kilichotokea ni kwamba kwenye maji au methanoli, kloraidi ni kama bwana harusi. Wapambe wamemzunguka, kila molekuli ya maji imemshika kwa haidrojeni yake, hawezi kupiga hatua bila kusukumana. Ayodaidi ni pana, chaji yake imesambaa, wapambe hawamng'ang'anii. DMF haina haidrojeni za kumshikilia mtu, na bwana harusi anabaki peke yake barabarani.

Nitaendelea jioni, umeme unachezacheza.

#2 Kijiwe cha Nongwa

Siti ya mbele nimeshika, karanga za mia tano ninazo. Tiririka mkuu.

#3 Mwalimu Tindikali

Ndugu Fundi, heshima yako, lakini unawachanganya watoto. Nimefundisha kemia miaka kumi na sita. Besi kali ndiyo nyukliofili kali. Mtoto anaangalia pKa, kipimo cha ukali wa asidi na besi, kwenye jedwali, anapata jibu, anapata alama zake. Hayo ya wapambe atayakuta mbele ya safari.

#4 Fundi wa Kuveti

Mwalimu, shikamoo. Sikubishii kwa ubishi wa kijiweni, nakuletea namba.

Mwaka 1968 Pearson na wenzake walitoa jedwali jingine, safari hii mshambuliwaji ni ayodaidi ya methili ndani ya methanoli. Methoksaidi ilipata 6.29. Ayodaidi ilipata 7.42. Sasa twende kwenye pKa yako: methoksaidi na ayodaidi zimeachana kwa zaidi ya vizio 20, methoksaidi ni besi ya kutisha na ayodaidi kama besi haipo kabisa. Lakini kwenye mbio ayodaidi inashinda kwa takriban mara 13. Na thaiofenoksaidi, inayoshambulia kwa salfa na ambayo kibesi iko chini sana ya methoksaidi, ilipata 9.92. Imeipita methoksaidi mara elfu nne na ushee.

pKa haisemi uongo. Inajibu swali jingine: jozi ya elektroni inaipenda protoni kiasi gani mambo yakishatulia. Sisi tunauliza nani anafika haraka kwenye kaboni. Ukilinganisha watu wa ukoo mmoja, tuseme piridini, besi ya naitrojeni, na ndugu zake wenye vikia tofauti (vikundi vidogo vya atomi vilivyoning'inia), pKa na kasi huenda pamoja vizuri tu. Mkemia Brønsted alionyesha uhusiano wa aina hiyo tangu 1924. Ukitoka ukoo wa naitrojeni ukaingia wa salfa au ayodini, kamba inakatika.

#5 Mwalimu Tindikali

Marahaba. Ya 9.92 sikuwa nayo. Endelea, ila mimi bado niko hapa na fimbo.

#6 Mama Sabuni

Samahani wataalamu, mimi natengeneza sabuni za maji na za kipande huku Mbagala, shule niliishia kidato cha nne. Kostiki ninayochanganya na mafuta ya mawese, hiyo nayo ni hiyo nyukilo mnayoisema?

#7 Fundi wa Kuveti

Ndiyo hiyo hiyo mama, hujakosea njia. Haidroksaidi ya kostiki inaivamia kaboni iliyokaa jirani na oksijeni kwenye mafuta, kifungo kinakatika, unabaki na sabuni na gliserini. Ile kazi ya kukoroga mpaka uji unakuwa mzito, unasubiri kasi ya nyukliofili. Mwanzoni inasuasua kwa sababu mafuta na maji hayataki kuonana.

#8 Fundi wa Kuveti

Nimerudi. Sasa tunapimaje?

Shida ya kina Swain na Scott ni kwamba mizani yao ilisimama juu ya mshambuliwaji mmoja. Nyukliofili goigoi ungemsubiri mpaka ustaafu, na nyukliofili kali angemaliza kabla hujafunga mfuniko. Kipimo kimoja hakitoshi, kama ambavyo mzani wa sonara hauwezi kupima gunia la mkaa.

Aliyelikalia hilo kwa miongo ni Herbert Mayr wa Chuo Kikuu cha Ludwig Maximilian, München, Ujerumani. Alichofanya ni kuchagua ioni za benzhidrili: kaboni moja yenye chaji chanya imebanwa katikati ya pete mbili za benzini. Kisha akabadilisha vikia vilivyoning'inia upande wa mbali kabisa wa pete. Kikia kinachosukuma elektroni kinaishibisha ile kaboni, njaa inapungua. Kikia kisichosukuma kinaiacha na njaa yake. Lakini jirani na kaboni yenyewe hakuna kilichoguswa. Mlango ni uleule, upana uleule, kilichobadilika ni njaa ya mwenye nyumba. Hapo ndipo namvulia kofia huyu mzee, kwa sababu anayebadilisha njaa na upana wa mlango kwa pamoja hatajua kamwe kipi kimeleta tofauti.

Basi akapata ngazi yenye vidato vingi. Ioni yenye metoksi mbili akaiita sifuri. Ile yenye dimethiliamino mbili iko kwenye −7.02. Ya chini yao, ambayo vikia vyake vimefungwa kwenye pete ili visukume vizuri zaidi, iko −10.04. Nyukliofili goigoi unampa elektrofili yenye njaa kali, nyukliofili kali unampa aliyeshiba, na kila unaempima unampitisha kwenye vidato viwili vitatu vinavyopishana, kama unavyounga daladala Mbagala hadi Bunju. Kwa kuunga hivyo amepima tofauti za ukali zinazofika mara kumi iliyojizidisha yenyewe mara arobaini.

Na tamu yake ni rangi. Ioni yenye dimethiliamino mbili ni bluu iliyokolea, bluu ya wino. Nyukliofili ikishaigusa ile kaboni ya katikati, mawasiliano ya elektroni kati ya pete mbili yanakatika na bluu inapotea. Huhitaji kuona molekuli. Unaweka kuveti kwenye spektrofotomita, unapitisha mwanga, unaangalia bluu ikifa. Kasi ya kufa kwa bluu ndiyo kasi ya shambulio.

Mkononi inakuwa hivi. Bluu unaweka kidogo sana, na nyukliofili unaweka angalau mara kumi ya hiyo bluu, ili ipungue kiasi kisichohesabika wakati bluu inaisha. Mstari unaochorwa unashuka kwa mkunjo laini, kila muda uleule unaondoa nusu ya kilichobaki. Unaandika namba. Unarudia kwa nyukliofili mara mbili, mara tatu, mara tano. Ukichora zile namba dhidi ya wingi wa nyukliofili unapata mstari ulionyooka, na mteremko wake ndio k, namba ya kasi yenyewe. Hakuna uchawi. Kinachokuchosha ni kurudia.

#9 Kijiwe cha Nongwa

Mkuu, hapa kwenye mkunjo nimekuelewa kuliko alivyonielewesha mwalimu wangu wa hesabu miaka minne.

#10 Fundi wa Kuveti

Sasa wacheni niwape balaa langu, maana vitabu haviliandiki.

Vipimo vya Mayr vyote ni vya digrii 20. Dar, mwezi Machi, maabara moja ambayo siitaji, kiyoyozi kimekufa tangu Januari. Chumba digrii 31. Nikasema haina neno, kishikio cha kuveti kina maji yanayozunguka, nikayashusha hadi 20, nikasubiri yatulie, nikaanza.

Bluu ikaanza kupanda! Badala ya kushuka, inapanda. Nikadhani nimekosea kuchanganya. Nikamwaga, nikarudia, ikashuka kidogo kisha ikapanda. Siku ya pili hivyo hivyo. Mwanafunzi mwenye kazi yake akaanza kusema labda tumegundua kitu kipya, akawa anatafuta maneno ya kumwandikia msimamizi. Siku ya tatu nikachomoa kuveti ghafla ikiwa katikati ya kipimo nikaishika juu kwenye mwanga wa dirisha. Ukungu! Kioo chote kina umande kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji.

Hewa ya Dar mwezi Machi ina unyevu hadi kitu chenye digrii 24 tu kinaota umande, na mimi nimeweka kioo cha digrii 20. Mwanga ulikuwa unazuiwa na maji ya nje ya kuveti, sisi tunasoma kama rangi ya ndani. Siku tatu na chupa nzima ya asetonitrili iliyokaushwa. Sasa hivi nafunga kisanduku cha sampuli na vifuko vya silika, na ukiwepo mtungi wa naitrojeni napuliza taratibu juu ya kishikio kabla ya kuanza.

Mtu anaweza kusema si upime tu kwa 31. Pima, lakini usiyalinganishe na ya Mayr. Kwa mmenyuko wa kawaida wenye kizuizi cha kama kilojuli 50 kwa moli, kutoka 20 hadi 31 kasi inaongezeka takriban mara mbili.

#11 Benzini Kavu

Mkuu nimecheka ya umande, imenikuta na mimi. Naomba niongeze ya hesabu, maana ndiyo kazi yangu ya uzamivu.

Mwaka 1994 Mayr na Patz walitoa mlinganyo ambao mtu wa kidato cha nne anaumudu:

log k = s(N + E)

E ni njaa ya elektrofili. N ni ukali wa nyukliofili katika kiyeyushi kilichotajwa, na s inasema nyukliofili huyo anahangaishwa kiasi gani na mabadiliko ya njaa. Digrii 20. Ukishampima nyukliofili kwenye vidato kadhaa, unampa N na s zake, halafu unaweza kukisia kasi yake dhidi ya elektrofili ambaye hawajawahi kukutana.

Mfano morfolini ndani ya asetonitrili, N ni 15.65 na s ni 0.74. Mpambanishe na ile bluu ya −7.02. Jumla 8.63, zidisha kwa 0.74, unapata kama 6.4. Maana yake k ni zaidi ya milioni mbili. Hata ukiweka morfolini sehemu moja ya elfu ya moli kwa lita, nusu ya bluu inaisha ndani ya theluthi moja ya elfu ya sekunde. Mkono wako haujatoka kwenye kifuniko. Ndiyo maana unahamia kidato cha −10.04: hapo k inashuka hadi kama 14,000, nusu ya rangi inaisha kwa sehemu ya ishirini ya sekunde, na mashine ya mabomba mawili yanayosukuma myeyusho kwa pamoja inaikamata vizuri.

Chukua sasa indoli, ndani ya diklorometheni, N yake 5.55, s 1.09. Na bluu ileile ya −7.02 unapata k kama 0.025. Indoli sehemu ya kumi ya moli kwa lita, nusu ya rangi inachukua dakika nne na nusu hivi. Unakunywa chai unaitazama.

Kanuni ya vidole tunayotumia: N + E ikiwa chini ya −5, usitegemee mmenyuko kwenye joto la chumba. Ukifanya hesabu, s ikiwa 1 na kila kitu moli moja kwa lita, −5 ni kama saa 28 kufika nusu. Baada ya hapo unapoteza muda wako na pesa ya mfadhili.

#12 Msimbo wa Kigamboni

Mimi ni mtu wa programu. Swali la kizembe: kwa nini mhangaike na umande? Hizo N si unazilisha akili mnemba, ukichora molekuli inakupa namba?

#13 Benzini Kavu

Watu wanafanya hivyo, na chakula kikuu wanachoilisha ni hifadhi ya data ya Mayr mwenyewe, iko wazi kwa umma, nyukliofili zaidi ya 1,200 na elektrofili zaidi ya 300. Wengine wanapitia hesabu za kwanta, wanakokotoa nishati ya nyukliofili kushikana na kikundi cha methili kisha wanatafuta uhusiano na N. Zinasaidia, hasa ndani ya ukoo uliozoeleka.

Ila angalia tumetoka wapi. Uzi umeanza na kloraidi inayobadilika mara milioni kwa kubadilisha kiyeyushi. Mchoro wa molekuli hauonyeshi wapambe. Na hata mlinganyo wenyewe, bila akili mnemba yoyote, tunaufurahia ukikisia ndani ya mara kumi, wakati mwingine mara mia. Kwenye mizani yenye hatua arobaini za mara kumi hiyo ni shabaha nzuri sana. Kwa mtu anayetaka asilimia tano, arudi kwenye kuveti.

Pia mlinganyo una mipaka. Elektrofili aliyezibwa na vikundi vinene mlangoni hauheshimu. Na kwa mashambulio ya kumng'oa mwingine, kama yale ya ayodaidi ya methili, inabidi uongeze s nyingine ya upande wa elektrofili.

#14 Mwalimu Tindikali

Nauliza. Ile habari ya laini na ngumu ya Pearson, ya 1963, laini hupenda laini na ngumu hupenda ngumu. Ndiyo ninayoifundisha kueleza kwa nini ayodaidi na salfa zinaruka mbele. Na yenyewe mmeitupa?

#15 Benzini Kavu

Mwalimu, kwa kukumbuka mwelekeo haina ubaya. Ila kuna ioni zenye vichwa viwili, kama thayosayanati, inaweza kushika kwa salfa au kwa naitrojeni. Laini na ngumu ilikuwa inatumika kutabiri kichwa kipi kitashika. Mwaka 2011 Mayr, Breugst na Ofial walipitia vipimo vya mashambulio hayo wakasema wazi kwamba kwa kazi hiyo kanuni ile inakosea mno, bora iachwe. Chanzo cha makosa mara nyingi ni kuchanganya aliyefika kwanza na aliyebaki mwishoni.

Na hapo kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote. Kuna DABCO na DMAP, besi mbili za naitrojeni zinazotumika sana kama vichocheo. Ndani ya maji DMAP ni besi kali kidogo kuliko DABCO. Kwa orodha ya pKa ungesema DMAP ndiye mshambuliaji bora. Ndani ya asetonitrili N ya DABCO ni 18.80, ya DMAP 14.95. Dhidi ya bluu yetu, DABCO inafika mbele kwa karibu mara elfu. Lakini kifungo cha DMAP na kaboni kinadumu zaidi. DABCO inakuja mbio na inaondoka mbio. Kuna kazi inayomtaka wa kuja na kuondoka, kuna kazi inayomtaka wa kukaa. Ukiuliza "nani mkali" bila kusema kazi gani, umeuliza nusu ya swali.

#16 Kijiwe cha Nongwa

DABCO namfahamu, ni shemeji yangu.

#17 Fundi wa Kuveti

😂 Kijiwe acha.

Sasa kwa wasio na maabara. Ile dawa ya GV, ya zambarau, anayopakwa mtoto mwenye vidonda mdomoni, ni ndugu wa karibu wa zile bluu: kaboni moja yenye chaji chanya, safari hii katikati ya pete tatu. Haidroksaidi inaishambulia na zambarau inafifia. Nimempa mpwa kazi.

Utaratibu: GV ya asilimia 0.5, soma kibandiko maana ziko za asilimia 1. Mililita moja kwa bomba la sindano kwenye nusu lita ya maji. Kostiki mbili: gramu 1.6 kwa lita, na gramu 3.2 kwa lita, mzani wa sonara unatosha. Unachanganya nusu kwa nusu kwenye glasi, unaanza saa ya simu. Pembeni unaweka glasi ya kulinganishia, yenye GV nusu ya wingi wa ile iliyochanganywa, pamoja na maji matupu. Glasi mbili zikifanana rangi, simamisha saa. Karatasi nyeupe nyuma, mwanga wa dirisha.

Miwani ni lazima. Kostiki ikiingia jichoni si mchezo. Na msitumie sufuria ya alumini, kostiki inaila na kutoa gesi inayowaka.

#18 Mama Sabuni

Naomba niseme kwenye kostiki. Mfuko ukifunguliwa hapa Dar asubuhi, jioni zile punje zinalia maji, zinashikana. Ukipima gramu hapo unapima na maji yake. Mimi nanunua kidogo, nafungua, napima yote hapo hapo, kinachobaki nakitia kwenye chupa ya plastiki yenye mfuniko wa kubana. Sabuni zangu za mwanzo zilikuwa zinabaki na mafuta juu kwa sababu hiyo.

#19 Fundi wa Kuveti

Mama, kuna wanafunzi wa shahada ya pili hawajui hilo. Na si maji tu, inavuta na kaboni dioksaidi ya hewani, sehemu ya haidroksaidi inageuka kabonati. Maabara tunaipima upya kwa asidi kabla ya kuiamini.

#20 Mpwa wa Sinza

Shikamooni wote. Nimejiunga leo, msinicheke.

Nimefanya Jumapili, anko alikuwepo. Ya kostiki ndogo, rangi zilifanana sekunde 115. Ya kostiki kubwa sekunde 60. Nimerudia mara tatu tatu, zinapishana sekunde nne tano kwa sababu jicho linasita mwishoni. Chumba digrii 31 kwa kipimajoto cha anko. Kostiki mara mbili, muda karibu nusu, kwa hiyo kasi inapanda sawia na wingi wa haidroksaidi.

Nikakokotoa: 0.693 (logi asilia ya 2, maana rangi imebaki nusu) gawanya kwa 115, gawanya kwa 0.04, ambazo ni moli za kostiki ndogo kwa lita. Nimepata 0.15. Ya pili 0.14. Anko anasema inayojulikana ni kama 0.2 kwa digrii 25. Sasa mimi niko kwenye joto zaidi, ilitakiwa niwe juu yake, mbona niko chini?

#21 Mwalimu Tindikali

Marahaba kijana. Vizuri sana kwa kurudia mara tatu.

Labda kostiki yenu ililia maji, kama alivyosema Mama Sabuni?

#22 Mama Sabuni

Marahaba mwanangu. Siyo kulia maji, hiyo haiwezi kula nusu nzima. Amechanganya nusu kwa nusu. Kostiki ikiingia kwenye glasi imeshapungua nguvu nusu. Anagawanya kwa 0.04 wakati ndani ya glasi iko 0.02. Na mimi nikichanganya ndoo moja na ndoo moja lazima nihesabu hivyo hivyo.

#23 Mpwa wa Sinza

Aaah! 0.30, na ya pili 0.29. Iko juu ya 0.2.

#24 Fundi wa Kuveti

Mama Sabuni, kuanzia leo nakuita Mama, kwa herufi kubwa. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale nikatazama akigawanya, sikuona.

0.30 kwa digrii 31 inaingia akilini. Kizuizi cha mmenyuko huu kikiwa kama kilojuli 60, kutoka 25 hadi 31 ungetarajia mara moja na nusu na kidogo. Kwa glasi za nyumbani na jicho, sina neno.

#25 Mwalimu Tindikali

Fundi, tuisheni yetu iko Jumamosi saa nne asubuhi. Njoo na hiyo GV. Dada wa chuo nimeshamwambia. Ubaoni nitaacha orodha yangu, ila nitaandika "ndani ya maji" pembeni yake.

#26 Mpwa wa Sinza

Anko, kuna tatizo huku. Glasi zote nilimwaga kwenye sinki la jikoni zikiwa zimeshakuwa nyeupe, nikaona safi. Mama karudi, kaona sinki linateleza kwa kostiki, kamwagia siki asugue. Zambarau yote imerudi, polepole, mpaka kwenye kingo za pembeni. Anauliza hii nyukliofili ya mjomba wako inatokaje.

#27 Benzini Kavu

Hahaha, siki imeivua haidroksaidi. Huyo ni DABCO wa jikoni.

#28 Fundi wa Kuveti

Mwambie dada naja na spiriti. Asiongeze siki.